Hodi ya Nne Kimbiji

Zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa, madukani kulijaa kila kitu: mitumba, televisheni, sabuni za kila rangi. Aliyesema soko huria huleta vyote hakuwahi kumiliki baiskeli ya resi. Mwishehe wa Temeke alikuwa amepunguzwa kiwandani, na kazi pekee aliyoipata ilikuwa kusambaza magazeti, kwa sharti aje na baiskeli yake Jumatatu. Alikuwa nayo, resi ya marehemu baba yake, ya magurudumu membamba, lakini rimu zilikuwa zimeliwa na kutu na matairi yamepasuka kama visigino vya mkulima.

Basi akahangaika. Kila duka walimtolea matairi manene ya baiskeli za kubebea mkaa, na muuzaji akashikilia kwamba yataingia tu, ni kuyasukuma. Kawe wakamwelekeza Kibamba. Kibamba wakamcheka, wakamwambia vitu hivyo Wazungu walikuja navyo na wakaondoka navyo. Alirudi amenuna, akamjibu kwa mkato hata mkewe, Zubeda. Rafiki yake Gibson, fundi baiskeli, ndiye aliyekumbuka kusikia kwamba Kimbiji kuna mzee aliyekuwa akishindana resi. Mfa maji haishi kutapatapa. Mwishehe akaenda.

Alifika nyumbani kwa mzee huyo alasiri ya Jumamosi, miguu imejaa mchanga mweupe, koo limekauka. Akapiga hodi. Akapiga ya pili, na ya tatu. Mtoto wa Pwani hahitaji kufundishwa: hodi tatu, usipojibiwa unageuka, unarudi ulikotoka. Lakini alikuwa amechoka kurudi mikono mitupu. Hasira zikampanda, akapiga ya nne.

"Karibu," sauti ikajibu papo hapo, nyuma tu ya mlango.

Mlango ukafunguka. Sebuleni hakuna mtu. Magurudumu mawili membamba yameegemea ukuta, rimu zinang'aa, matairi mapya. Nyuma ya pazia la chumbani kuna mtu anahema. Mwishehe akaamkia, shikamoo yake haikuitikiwa. Akauliza bei.

"Chukua," sauti ikanong'ona. "We umepiga nne. Mie nikija kwako, ntapiga moja tu."

Akayabeba, akatoka mbio. Alipofika barabarani akageuka kutazama. Mlangoni palikuwa na kufuli, limeshika kutu mpaka tundu la ufunguo limeziba.

Angeweza kuyatupa. Sasa ayatupe, halafu Jumatatu aende na nini? Gibson akayafunga, yakakaa sawasawa. Mwishehe alimsimulia yote, kisha akamsihi asimwambie Zubeda, maana angemlazimisha kuyarudisha. Kazi akaianza. Baiskeli iliteleza yenyewe, hata kwenye kilima. Chungu kikarudi jikoni, mke akacheka tena, na ile sauti akaanza kuisahau.

Mchana mmoja alirudi hoi, akaegesha baiskeli barazani, akaingia kulala. Zubeda alikuwa uani, anachambua mchele.

"Hodi."

Moja tu. Naye, kama alivyolelewa, akaitikia bila hata kuinua macho.

"Karibu."

Hakuingia mtu. Akangoja. Akauliza ni nani.

Akaingia ndani. Sakafuni kulikuwa na mstari wa tairi jembamba, wa mchanga mweupe, umeanzia mlangoni na kunyooka hadi chumbani. Kitanda kitupu. Shuka bado lina joto. Kandambili za Mwishehe zipo palepale alipozivua.

Barazani baiskeli haikuwa imesogea. Ilikuwa imevaa rimu zake za zamani, zenye kutu.

Gibson alipomfichulia siri, Zubeda alilia kwa uchungu na hasira. Angeambiwa mapema, angeuziba mdomo wake kwa kanga, asiikaribishe ile hodi. Hadi leo ukipiga hodi pale huitikiwi, anakuja kwanza kuchungulia dirishani. Na kila asubuhi anadeki ule mstari. Saruji ikikauka, upo tena. Unaingia chumbani, hautoki.