Kanyagio la Kisigino

Injini ilizimika katikati ya kijito, maji yakiwa yameshafika kwenye ekseli, na papo hapo Virginia akajua kosa lilikuwa la kisigino chake.

Alikuwa ameiingiza pikipiki majini taratibu, gia ya kwanza, macho ameyakaza kwenye ukingo wa pili. Gurudumu la mbele likagonga jiwe lililofichwa na matope. Ili asianguke aliukandamiza mguu wa kushoto kwa nguvu, na kisigino kikalishukia lile kanyagio jipya la nyuma. Gia ikaruka hadi ya pili. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Mercyline, jirani yake aliyekuwa amempakia nyuma, aliuliza kwa nini wamesimama. Kabla hajajibiwa, maji yalishuka kwa kishindo kutoka juu ya bonde, yamebeba matawi na mabati, yakawapiga ubavuni na kuwalaza pamoja na pikipiki.

Virginia alikunywa tope. Alipiga miguu, akakosa chini, akapata kitambaa cha koti la Mercyline na kukishika kama anayeshika uhai wake. Mkondo uliwaburuta, ukawagonga mgongo kwenye shina la mkaratusi ulioanguka, na hapo wakakwama. Walijivuta kwa mikono na magoti hadi kwenye kisiwa kidogo cha ardhi kilichobaki kati ya mikono miwili ya maji. Juu yao, nyuma ya miti, zilionekana kuta ndefu za nyumba za Loresho. Hapakuwa na mtu.

Asubuhi ya siku hiyo walikuwa Ngara, kwa fundi Ochola. Virginia alikuwa amechoka na pedali ya gia ya zamani. Ilikuwa ya kanyagio moja tu, ya mbele, ambayo ili kupandisha gia ni lazima uingize kidole chini yake na kuinua. Kuria, mume wake, alikuwa ameipinda kwa nyundo ili itoshee buti lake, na mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja kwa umbo la mguu wake. Kila Virginia alipobadilisha gia alihisi kama anaingiza mguu wake ndani ya mguu wa Kuria. Msimu wa mvua wa mwaka uliopita kijito kilekile, sehemu za chini zaidi, kilimbeba Kuria. Pikipiki ilipatikana imenasa kwenye uzio. Mwenyewe hakupatikana.

Ochola alimpangia pedali kadhaa juu ya gunia. Kulikuwa na fupi ya miguu midogo, na nyingine ambayo ncha yake hukunjika ikigonga kitu. Virginia alichagua ile ndefu, yenye makanyagio mawili: la mbele unalikanyaga kwa kidole kushusha gia, la nyuma kwa kisigino kupandisha. Ochola alimwonya kwamba kisigino kisikae juu yake bure, na kwamba ingefaa azoee kwanza pikipiki ikiwa imesimama. Virginia alisema atakuwa amezoea akifika Parklands.

Na kweli karibu azoee. Mwanzoni mguu uliendelea kutafuta kitu cha kuinua, injini ikipiga kelele, helmeti ya Mercyline ikimgonga mgongoni. Walipopita hekalu la Parklands mguu ulikuwa umeanza kuelewa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuiendesha pikipiki ile, alihisi yuko peke yake juu yake, na wepesi ule ulimtia haya.

Ndipo simu ikaja kutoka kwa mwenye ploti waliyopanga Kangemi: maji yameingia kwenye nyumba, na Ngina, mama yake Kuria, ambaye miguu yake haimbebi tena, alikuwa ndani. Barabara ya Waiyaki Way ilikuwa imefungwa na mafuriko. Ilibaki njia ya bondeni, ambayo Virginia alikuwa ameapa hataipita tena.

Sasa muundi wa Mercyline ulikuwa umechanika, damu ikichuruzika na mvua. Virginia alivua kitambaa chake cha kichwa akaufunga, akakaza.

"Unaweza kusimama?"

"Nikishikilia kitu," Mercyline alisema. "Hii maji inapanda?"

Virginia alichomeka kijiti ukingoni. Hawakungoja sana, maji yalikimeza.

Mawingu yalikuwa yameshuka hadi mchana ukafanana na magharibi. Chini ya yale maji ya kahawia, mahali pikipiki ilipozama, taa yake ilikuwa bado inawaka. Mwanga wa rangi ya chai ulitikisika, ukasogea. Kisha Virginia akasikia sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe. Kla. Kimya kidogo. Kla. Gia ikibadilishwa, polepole, na mtu asiye na haraka.

Alisimama.

"Kuria," aliita.

"Usimwite," Mercyline alisema.

Kla. Virginia aliingiza mguu majini, kisha wa pili. Mercyline, na ule mguu wake mbovu, alijitupa mbele na kumshika mshipi.

"Hakuna mtu hapo, Virginia."

"Nimesikia gia."

"Hata mimi nimesikia. Na bado hakuna mtu."

Walikaa hivyo, mmoja akivuta, mwingine akivutwa. Wakati huo mkondo uliisukuma taa hadi karibu nao, ukaikwamisha kati ya shina la mkaratusi na ukingo wa upande wa Loresho. Virginia aliokota tawi, akapima. Chuma. Pikipiki ilikuwa imelalia ubavu wa kulia, imejibana, na maji juu yake hayakuzidi magoti. Alimwambia Mercyline apite kwanza, akanyage kiti, kisha tangi, asiachie matawi.

Mercyline alipita akiuma meno. Ng'ambo alijitupa kwenye matope, akaanza kupiga kelele za kuomba msaada.

Virginia alifuata. Alipofika katikati, kitu kilimshika mguu wa kushoto.

Kilimshika hasa, kwa mbele na kwa nyuma, kisiginoni na juu ya vidole, kikabana. Alivuta, kikakaza. Pikipiki ilitetemeka chini yake ikaanza kuachia ukingo. Akilini alijua gambuti lake limeingia kati ya pedali na injini. Mwili wake ulijua jambo lingine, na mwili ndio uliozungumza.

"Kuria, mama yako yuko peke yake kwenye maji," alisema kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosemeshana kitandani. "Niache niende."

Aliulegeza mguu badala ya kuvuta, akakunja vidole, na mguu ukatoka, gambuti likabaki. Mpira wa bomba la kumwagilia maua ulianguka begani pake. Juu ya ukingo alikuwepo mwanamume aliyevaa koti la walinzi, aliyekuja kusema baadaye kwamba anaitwa Dalmas. Alikuwa ameufunga mpira ule kwenye nguzo ya lango na sasa, Virginia akiwa ameushika, aliuvuta kwa uzito wake wote. Virginia alipogusa nyasi, taa nyuma yake ilizimika, na pikipiki ikaenda na maji.

Dalmas aliwapa chai na gunia kavu, kisha akamwomba dereva wa lori la mchanga awapeleke Kangemi kupitia barabara ya juu. Wazee wa kanisa walikuwa wamembeba Ngina mapema hadi kwenye ukumbi wao. Walimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea mlangoni, kama alivyoketi kila siku mwaka mzima. Aliwatazama walivyolowa, akauliza swali lake la siku zote, kama wamemwona Kuria njiani.

Siku zote Virginia alijibu kwamba huenda kesho. Safari hii alipiga magoti kwenye saruji, akamshika mikono.

"Mama, Kuria hatarudi. Alikufa kwenye maji."

Ukumbini watu waliendelea kupanga magodoro. Ngina alisugua kwa kidole gumba tope kwenye vifundo vya Virginia.

"Nilikuwa nakungoja wewe uliseme hilo," alisema. "Nilisema nikitangulia kumlilia, utabaki peke yako ukimngoja."

Kisha aliomba kiti chake kigeuzwe, na Mercyline na Virginia wakakigeuza, mgongo kwa mlango.