Neno Ambalo Smaranda Hakulisoma

Siku Horia alipommwagia kahawa, Smaranda alikuwa amevaa koti jekundu la sufi, amekumbatia muswada wa kurasa mia nne. Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya vitabu mjini Cluj, watu wamejaa pomoni.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada. Ndiyo yaliyoniponza." Akafuta kurasa kwa skafu yake mwenyewe. "Lakini nyie wachapishaji bado mnabeba makaratasi? Wekeni mtandaoni. Kahawa haifiki huko."

Smaranda alicheka bila kutaka.

Horia alikuwa akizikagulia kampuni programu zao, akitafuta matundu ya kupenyea wezi. Haukupita mwezi, walikuwa wapenzi, naye akamfundisha Smaranda kuuweka mtandaoni muswada wa Bi Aglaia, ili mwandishi akiwa kwake mjini Sibiu na yeye mhariri akiwa ofisini waufanyie kazi pamoja. Naye Horia akapewa ruhusa ya kuingia. Pembeni mwa kurasa, mahali pa maoni ya uhariri, akawa anaandika yake: "Mpenzi, umekula?" "Mpenzi, hii koma imenuna kama wewe jana." Smaranda alitabasamu, akabofya, akayafuta upesi kabla Bi Aglaia hajayaona.

Wiki tatu kabla ya kitabu kwenda mtamboni, riwaya nzima ikazagaa mtandaoni, bure. Bi Aglaia alikuwa ameiandika kwa miaka kumi na mmoja.

Smaranda akampigia Horia.

"Tulioweza kuufungua muswada ni mimi, Bi Aglaia na wewe. Na kazi yako ni kupenya kwa watu!"

"Smara, subiri. Soma nilicho..."

"Usiniite Smara!" Akakata.

Horia alipiga tena na tena, Smaranda hakupokea. Mkurugenzi wa Smaranda akapeleka malalamiko kwa mwajiri wa Horia. Katika kazi ile, jina likichafuka hakuna anayekukabidhi milango yake. Horia akaachishwa kazi, akahamia Porto, Ureno.

Miezi minane baadaye, Smaranda akipanga mafaili ya zamani, alifungua kumbukumbu ya maoni yaliyofutwa. La mwisho lilisema: "Mpenzi, muswada umeuacha wazi. Yeyote mwenye kiungo anaingia. Ufunge leo, tafadhali."

Alikuwa amelifuta alipoona tu "Mpenzi". Na kiungo chenyewe, anwani ya kuufungulia muswada, alikuwa amemtumia mchoraji wa jalada kwa mkono wake.

Akapiga simu.

"Horia, nimelisoma."

"Nilingoja sana ulisome."

"Nisamehe."

"Nilishasamehe. Na mimi nilikosea. Jambo zito nililiandika pale pale tulipozoea utani. Ningekupigia."

"Nije Porto? Hata kesho?"

"Usije, Smara. Nina mtu hapa. Aliniamini kabla sijajieleza."

Smaranda aliuma midomo, akamtakia heri, akaweka simu chini. Ndipo akalia.

Asubuhi alimwambia mkurugenzi, "Aliyeacha mlango wazi ni mimi." Akamwandikia Bi Aglaia, akamwandikia na mwajiri wa zamani wa Horia. Kufika Ijumaa alikuwa hana kazi, na jina la Horia limesafishwa kwa barua.

Horia alimtumia ujumbe wa neno moja: "Asante." Smaranda alilingoja la pili mpaka jioni. Halikuja.