Anayeshika Chini ya Tanga

Hii haikutokea mbali. Ilimpata jirani yetu, fundi wa kushona tanga, mchana kweupe, feni inazunguka na redio ya kinyozi wa mlango wa pili inapiga kelele. Kwa hiyo asije mtu akaniambia eti ni mambo ya ndotoni.

Mama huyo alifanya kazi na mumewe. Mume tulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa, pete za kupitishia kamba, zile za pembeni mwa tanga, mtu mmoja anaziweza: anakunja pindo, anagonga, basi. Lakini zile za katikati, za kupunguzia tanga upepo ukichachamaa, lazima wawe wawili. Kasuku alikuwa akitambaa chini ya turubai la tanga na gogo lake la kugongea, anaweka nusu ya pete chini ya tundu, kisha anagonga gogo: ko, ko. Hapo mkewe, juu, anaweka nusu ya pili na kushusha nyundo. Miaka yote ile hakuwahi kumponda hata kidole.

Siku moja hiyo ko-ko haikuja. Mke akasubiri, nyundo mkononi. Kasuku alikuwa na utani wake wa kujifanya amelala kule chini.

"We baba, mteja anangoja."

Akaligonga turubai kwa mpini wa nyundo.

"Haya, basi lala huko huko!" Akaenda zake kunywa chai. Aliporudi akafunua tanga, mumewe alikuwa ameshakata roho.

Tulimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Wapi! Neno lake la mwisho kwa mumewe lilikuwa lile, na maji yakimwagika hayazoleki. Alikonda, masikini. Alichotaka duniani ni kumwambia mumewe kwamba hakukusudia.

Msiba ulipopoa, akarudi kulimalizia tanga lile lile, akisaidiwa na wifi yake, dada wa Kasuku. Wifi mtu, kazi haijui, akachagua pete za bati kwa sababu zinang'aa. Fundi hakuwa na nguvu za kubishana. Akaweka moja juu ya tundu, apime upana tu.

Turubai likainuka. Kitu kikaisukuma ile pete kutoka chini, ikaviringika sakafuni.

Akairudisha. Ikasukumwa tena.

Kasuku na bati walikuwa hawapikiki chungu kimoja. "Chumvi ya bahari italila hilo," alikuwa akisema. "Weka shaba, yenye meno, iume kitambaa." Fundi akachagua ya shaba, yenye meno. Akaiweka.

Ko, ko.

"Wifi," akanong'ona, "uko wapi?"

"Niko nyuma yako."

Akashusha nyundo. Pete ikafunga vizuri. Chini ya turubai palikuwa na umbo la mgongo. Likasogea hadi tundu la pili. Ko, ko. Akagonga huku analia, na jamani, alikuwa na furaha. Hofu ilikuwepo, lakini furaha iliishinda. Tundu la tatu. La nne.

Wifi akamshika bega. "Mwambie atoke. Wewe ndiye uliyemlaza."

"Akitoka ataondoka."

"Kaka yangu anateseka. Hebu sikiliza."

Akasikiliza. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyebanwa. Turubai likavutwa ndani, mahali pa mdomo. Likaachiwa. Likavutwa tena. Mume wake alikuwa anatafuta hewa, na yeye huku juu anamwongezea kazi.

Akatupa nyundo. Akajilaza kifudifudi juu ya tanga, shavu lake likakutana na shavu. Lilikuwa la moto.

"Baba, nilisema kwa hasira tu. Nisamehe. Toka, uende."

Sauti ikaja kutoka chini, ndogo, imekauka.

"Sioni pa kutokea, mama."

Akachukua kisu. Hakupima, hakuuliza tanga ni la nani. Akalichana palepale, kwa urefu wa mkono. Pumzi ikatoka, ndefu, ikampiga usoni. Kisha turubai likalala chini taratibu, likawa bapa.

Mayowe ya wifi ndiyo yaliyotuita. Tukalinyanyua tanga. Chini palikuwa na gogo tu.

Tukaligeuza. Siku ya kifo sisi wenyewe ndio tuliolikunja, na upande ule ulikuwa safi, naapa. Sasa ulikuwa umejaa mikwaruzo ya kucha, kona hadi kona, kama ya mtu aliyepapasa kila mahali gizani. Fundi akaifuata kwa kidole, polepole, hatukuthubutu kumzuia. Kidole kikasimama mahali ambapo nyuzi zilikuwa zimekwaruzwa hadi kukaribia kukatika.

Hapo ndipo yeye fundi alipokuwa amesimama siku ile, nyundo mkononi, akisubiri ko-ko.