Shuka la Nne

Asubuhi ile Fundi alikuwa dirishani akikanyaga cherehani. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Nyuzi, alipapasa meza akitafuta kikombe.

"Kiko kushoto, mume wangu."

"Kushoto kwangu au kwa serikali?"

Wote wawili wakacheka. Mzee alifuma vitambaa miaka thelathini katika kiwanda cha umma. Kiwanda kilikwisha kufungwa. Sasa mtoto wa jicho alikuwa akiyafunga macho yake pia. Mjukuu wao alikuwa na miezi mitano, na babu alimjua kwa vidole tu.

Fundi alikuwa akishona shuka la nne. Matatu alikwisha kumpa bawabu wa mlango wa nyuma wa hospitali, moja kila mwezi. Kila mara bawabu alisema, "Tulia, mama. Nitamnong'oneza daktari."

Jirani yao, binti mtafiti, akaingia na daftari lake. Alikuwa akikusanya habari za maisha ya enzi zile, maduka yote yalipokuwa ya serikali, na mazoea yaliyobaki.

"Shikamoo, mama. Leo nieleze foleni."

"Marahaba. Sukari ikija, tulipanga mawe kushika nafasi zetu. Langu lilikuwa na kovu jeupe. Nikienda kunyonyesha, jirani alinisogezea. Hakuna aliyethubutu kuliruka."

"Na sukari mlipata?"

"Thubutu! Waliomjua muuzaji walipita nyuma. Sisi tukabaki na mawe yetu. Ndipo nikajifunza: mlango wa mbele ni wa kutazama, wa nyuma ndio wa kupita."

Binti akalitazama shuka. "Na hili ni la nani?"

Fundi akamweleza. Binti akafunga daftari.

"Mama, bawabu hana orodha ya wagonjwa. Orodha iko mbele, dirisha la mapokezi. Mgonjwa anaandikishwa, anapewa namba na tarehe. Mtu akidai zawadi, mnamshtaki ofisi ya malalamiko. Jina la baba liliandikwa wapi?"

Mkono wa Fundi ukateleza, mshono ukapinda. Miezi mitatu! Jina la mumewe halikuandikwa popote.

"Nimemchelewesha mimi," akasema, machozi yakimdondoka.

"Usililowanishe shuka," Mzee akasema, akiutafuta mkono wake. "Ulinishonea njia, mke wangu. Ulikosea mlango tu."

"Yale mawe yalikuwa ya kulindana," binti akasema. "Lakini mlango wa nyuma ukimfungulia mmoja, unawafungia wote walio mbele."

Kesho yake wakaenda dirisha la mbele. Jina likaandikwa. Wakapewa namba, na tarehe wiki tatu mbele.

Siku ya tarehe hiyo, kwenye benchi, mama mmoja alikuwa na mtoto anayelia. Alitaka kutoka akamnyonyeshe, akaogopa kupoteza zamu.

"Nenda, mwanangu," Fundi akamwambia. "Mimi ndiye jiwe lako."

Mzee akapasuliwa jicho moja. Bandeji ilipotolewa, akarudi nyumbani akiongoza njia mwenyewe. Mjukuu alikuwa amelazwa juu ya shuka la nne. Babu akamtazama, akamtazama tena, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja sana.

Kisha akainama, akakaza jicho lake la mfumaji.

"Mama wee, huu mshono umepinda!"

"Ni wa siku ile niliyolia. Nitaufumua."

"Usiufumue," Mzee akasema. "Uache hivyo hivyo. Nataka niwe nauona."