Shamimu na Gemu Iliyoungua

Kila siku akitoka shule, Shamimu alipitia nyumbani kuweka begi tu, akala kiporo chake kwa kusimama, kisha huyoo mbio mpaka kibandani kwa baba yake, karibu na stendi ya Makambako. Nje upepo wa baridi ulikuwa unachapa watu masikio. Ndani kulikuwa na joto la chuma cha kulehemu na harufu ya risasi iliyoyeyuka. Harufu hiyo Shamimu aliipenda kuliko ya pilau.

Baba yake, Mzee Badru, alikuwa fundi redio, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha majirani. Redio ikipona tu, aliiunga kwenye spika mbili kubwa zilizotazama barabara, akashika kipaza sauti na kutangaza, "Moja, mbili! Moja, mbili! Imepona hiyo!" Mpaka watu wa stendi walimwita Moja Mbili.

Mwaka ule wa 1998 mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na pamoja na makoti na viatu zilikuja gemu za mkononi, kuukuu, za kijivu, nyingi zikiwa zimekufa. Wenzake wa darasa la sita walizitaka za kuchezea. Shamimu yeye alizitaka za kufungua. Alipata moja iliyokufa kabisa, akabadilisha nyaya, akatia ndani kitaa cha njano kutoka kwenye redio mbovu, akaipaka gamba lote rangi nyekundu ya kucha. Alipoiwasha na yule mtu mdogo wa kwenye kioo akaanza kukata maadui kwa upanga, Shamimu aliruka kwa furaha akajigonga kichwa kwenye bati. Kitu walichokitupa watu wa nchi za mbali sasa kinawaka, na taa ile kaitia yeye! Shule nzima hakukuwa na gemu kama hiyo. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumvimba, na si kwa sababu ya lile bati.

"Na mimi niwekee taa," alisema Filbert siku moja, akimkabidhi gemu yake aliyoletewa na mjomba. Filbert alikuwa mtoto wa Njombe, aliyekuwa akiishi Makambako kwa kaka yake Danford, tanboi, yaani utingo, wa lori la mbao. Alikuwa mwepesi wa ngumi. Wiki iliyotangulia alimtoa damu puani mtoto wa darasa la nne kwa kosa la kuigusa tu gemu hiyo. "Nakuja Jumamosi. Ukiiharibu, Shami, nakuvunja meno."

"Mimi niharibu? Unamjua fundi wewe?" Shamimu alijibu.

Mzee Badru alikuwa amemwambia mara mia: "Mwanangu, pima volti kwanza, ndipo uunge." Lakini fundi aliyevimba kichwa anapima nini? Ijumaa, baba akiwa msikitini, Shamimu aliiunga gemu ya Filbert moja kwa moja kwenye betri ya gari. Pwaa! Moshi mweupe ukatoka, plastiki ikajikunja, kioo kikawa cheusi. Aliifunga gemu ile kwenye kitambaa, akaisukumia nyuma ya spika, akafungua dirisha moshi utoke. Baba aliporudi akauliza, "Nini kinanuka?" Shamimu akasema ni waya tu.

Jumamosi asubuhi Mzee Badru alikwenda mnadani kutafuta vipuri. Hazikupita dakika kumi, Filbert akatokea, na kaka yake Danford nyuma yake, jitu la mabega mapana.

"Gemu yangu iko wapi?"

Shamimu akatazama mikono ya Danford. "Imeibiwa," alisema.

"Imeibiwa na nani?" Filbert alimshika kola.

"Sijui... jana, nimegeuka tu kidogo... mtu mmoja mrefu. Ana koti la kijani."

Kwa nini la kijani? Hata yeye hakujua. Lilikuwa la kwanza kumjia kichwani, na lilimjia kwa sababu wiki ile mfanyabiashara mmoja alikuwa amefungua robota zima la makoti ya kijani mnadani, akayauza kwa bei ya kutupa. Kwa baridi ile, nusu ya wabeba mizigo wa Makambako walikuwa ndani ya koti la kijani! Mtoto huyu alidhani amemtaja mtu asiyekuwepo, kumbe ametaja watu hamsini.

Na mmoja wao alikuwa anapita. Kornelio, kijana mrefu wa Kibena, alikuwa anavuta mkokoteni wa viazi, akiliwahi basi.

"Wewe! Simama!" Danford alifoka.

Kornelio aligeuka, akaona jitu linamjia na ngumi zimekunjwa, akaongeza mwendo. Nani asingeongeza?

"Mwizi huyooo!"

Neno hilo kwenye stendi halihitaji kurudiwa. Watu walitoka kwenye mabasi, kwenye mabanda ya chai, kwenye malori. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Danford alimpiga Kornelio ngumi ya taya, mkokoteni ukapinduka, viazi vikatapakaa barabarani. Mwingine alimpiga teke la mbavu. Mwingine aling'oa mti wa mkokoteni na kuushusha, Kornelio akakinga kwa mkono wa kulia, na mlio wa mfupa kuvunjika ukasikika hadi kibandani. Jiwe likampata kichwani. Damu ikamfunika uso. "Jamani, nimefanya nini?" alilia. "Mama yangu, nakufa!"

"Leteni tairi!" sauti ikapaa. Na tairi, wallahi, likaja likibingirika.

Shamimu akapiga kelele na kujitupa kwenye kundi la watu. "Siyo yeye! Mwacheni!" Kiwiko cha mtu kikampata mdomoni, jino likatoka, akaanguka chini kati ya miguu. Alikanyagwa vidole. Hakuna aliyemsikia. Mtu mmoja alikuwa anapita juu yake na kidumu cha petroli.

Alitambaa, akainuka, akakimbilia kibandani. Aliwasha mashine ya spika, akakamata kipaza sauti, akazungusha sauti mpaka mwisho. Spika zilipiga yowe kali, watu wakaziba masikio.

"Mwacheni! Hajaiba!" Sauti yake ilifunika stendi nzima. "Hakuna mwizi! Gemu ninayo mimi! Niliiunguza mimi nikasema uongo! Mwongo ni mimi! Mimi, Shamimu binti Badru!"

Akaichomoa gemu nyuma ya spika, akatoka nayo mlangoni, akaiinua juu, nyeusi, imejikunja. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni. Jiwe moja likaja likagonga bati juu ya kichwa chake. Hakuondoka. "Hii hapa! Tazameni!"

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Wa petroli alikifunika kidumu chake akaingia kwenye basi. Wa tairi hakuonekana tena. Ghafla kila mtu alikuwa mpita njia tu! Akabaki Kornelio chini, na Danford amesimama, ngumi zake zina damu.

Mzee Badru alifika akihema, kwani sauti ya binti yake ilimkuta mnadani. Hakumpiga. Alimtazama tu, na Shamimu alitamani apigwe. "Danford, mnyanyue," Mzee Badru aliamuru. "Wewe ndiye uliyemlaza. Mbebe." Wakampakia Kornelio kwenye pikapu mpaka hospitali ya Ilembula. Jioni polisi walimchukua Danford na wengine wawili. Filbert alilia mpaka akapata kwikwi. Shamimu alimpa gemu yake nyekundu, ile yenye taa. Filbert aliipokea bila kumtazama.

Siku ya tatu Mzee Badru alimpeleka bintiye Ilembula. Kornelio alikuwa amelala, jicho moja limefumba, kichwa kimeshonwa, mkono wa kulia uko ndani ya plasta. Kando yake alikaa mama yake, Mama Emerensiana, aliyetoka kijijini kwa miguu.

"Kamwene, mama," Shamimu alisalimia kwa Kibena, akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyesema uongo. Naomba mnisamehe. Niliunguza gemu ya mtu, nikaogopa kupigwa."

"Ukaogopa kupigwa, akapigwa mwanangu," alisema yule mama. "Hicho kidude kinachezwaje?"

Shamimu alishangaa. "Kuna mtu ndani, mama. Ana roho tatu. Maadui wakimuua anaamka. Roho zote zikiisha, unabonyeza kitufe, unaanza upya."

"Sauti yako mbaya ile," Kornelio alinong'ona kwa midomo iliyovimba. "Kama mbuzi. Lakini niliisikia."

Mama Emerensiana alimfuta mwanawe jasho, kisha akamshika Shamimu kidevu, chini ya mdomo wenye kidonda.

"Nisikilize, binti. Ungesema kweli Ijumaa, ungepigwa kofi na mambo yangeisha. Ulisema uongo mdogo ili upone wewe, ukawapa watu wengine mawe. Uliposema kweli Jumamosi nakushukuru, maana mwanangu bado ninaye. Ila mkono huu sijui kama utavuta mkokoteni tena. Huyu mwanangu hakuwa na roho tatu. Alikuwa na hiyo moja, na hana kitufe."

Mzee Badru alimwambia Shamimu kwamba chuma cha kulehemu hatakigusa mpaka Kornelio atoke hospitalini, na kila Jumapili atakuja kumfulia yule mama nguo za mgonjwa. Basi akaanza siku hiyohiyo. Nguo ya kwanza kwenye beseni ilikuwa lile koti la kijani, na maji alilazimika kuyabadilisha mara nne.