Nyufa za Chumba cha Nyuma

Magharibi ilikuwa inaingia nilipompelekea mdogo wangu Rachidi samaki wa ndagala na ugali wa muhogo ofisini kwake, mtaa wa Asiatique. Anatengeneza sura za nje za vitu vya filamu za katuni: kutu, ngozi, matofali. Kwenye kompyuta yake kila sura ni viboksi vilivyounganishwa kwa nyuzi. Wao huviita nodi. Baadhi huja na programu yenyewe.

"Dada Zubeda, tazama," alisema bila kugusa chakula. "Nodi ya nyufa. Zilikuwa za kizungu, safi mno. Nimeifungua, nimetia za kwetu."

Nilitazama skrini.

Nilizijua.

Nyumba yetu ya mtaa wa Mutakura ina chumba cha nyuma. Humo babu yetu Radjabu, siku aliyopandwa na kitu ambacho hakuna aliyekitaja jina, alimkatakata bibi kwa panga, akaendelea kuukata ukuta bibi alipokwisha anguka. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya Ramadhani, binti mkubwa hubandua udongo uliochoka na kukandika mpya kwa viganja vyake. Mlango hufungwa. Alama zile za panga hazionwi na mwingine. Mama alipofariki, kazi ikawa yangu.

"Ulipiga photo lini?"

"Ulipotoka kuchota maji." Alicheka. "We mama wa matope, usinune. Ni ukuta tu."

"Futa."

"Apana."

"Basi fanya nakala, ile ya asili uirudishe."

"Nakala ya nini? Nimebadilisha ile ile ya asili. Kazi zangu zote za zamani zilizoitumia, mi nikizifungua tu, zinapata nyufa hizi."

Akaburuta kitufe kwenye skrini ili nyufa zizame zaidi.

Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani. Kisha ya chuma...

Tsaa!

Mkono wake ulifunguka kuanzia kiwiko hadi kiganja. Damu iliruka ukutani. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Tsaa! Bega. Tsaa! Mgongo, shati likaachana, na nyama chini yake, nikaona mfupa. Hakukuwa na mtu nyuma yake. Lakini kabla ya kila pigo ilisikika pumzi... ya mzee anayehema kwa kazi nzito.

"Dada," alinong'ona. "Mwambie aache."

Nilichomoa waya wa umeme. Skrini haikuzima. Nyufa ziling'aa.

Nikakumbuka: mama hakuwahi kumfunika marehemu babu mwenyewe. Alifunika alama.

Udongo haukuwepo. Kulikuwa na ugali.

Niliukanda sakafuni, ukashika damu ya mdogo wangu, nikaupaka juu ya skrini kwa viganja, kutoka chini kwenda juu, kama nilivyofundishwa. Panga lilinipitia vidole viwili. Sikuacha. Nilipoziba ufa wa mwisho, pumzi ilikatika.

Rachidi yu hai. Daktari aliandika: panga. Polisi waliniuliza nilikuwa nimegombana naye kwa ajili ya nini, wakaichukua kompyuta jinsi ilivyo. Niliwasihi wasiisafishe. Mmoja alicheka. "Maman, unataka tuchunguze ugali?"

Jana Rachidi aliweza kusema.

"Ile nodi..." alisema. "Kwanza niliitumia kwa makunyanzi. Kuna katuni ya bibi mzee."

"Na?"

Aligeukia ukuta. "Sikuwa na uso wa kuiga. Nilichukua wako, dada. Wakiifungua ile kazi..."

Leo jioni nipo chumba cha nyuma, ninaukandika upya ukuta kwa vidole nilivyobakiwa navyo. Simu imelia. Ni yule yule polisi aliyecheka, mwenye furaha.

"Maman, kompyuta yenu tumeiosha, inawaka vizuri. Kuna bibi hapa anafanana na wewe kabisa! Ngoja, afisa wetu anamufungua."

"Usi..."

Simu imekatika. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Nyuma yangu, mtu anavuta pumzi.