Wanawake wa Madakani

Haya, kaa vizuri nikutegee kitendawili. Nina mkanda mwembamba. Punda wawili wenye mizigo wakikutana juu yake, mmoja hana budi kurudi nyuma. Lakini siku ya Maulidi mji mzima hupita juu yake, wala haukatiki. Ni nini?

Umeshindwa? Nipe mji. Mombasa ni mbali, sitafika, nipe Pate. Haya, nimeupokea, ahsante. Jibu ni ndia ya Mkomani. Watu wa bara husema njia, sisi wa Amu, yaani Lamu, husema ndia.

Kwenye ndia hiyo aliishi Bi Nadra, mshonaji wa kofia. Aliishi na binti yake, Hadil, mwalimu wa chekechea. Kila asubuhi Bi Nadra aliteka maji ya bomba, akayabandika jikoni, akatia maziwa na majani ya chai. Na kila asubuhi maziwa yalikatika, yakaelea madonge madonge.

"Mama, hii ni chai au supu?" Hadil aliuliza.

"Kunywa ukiwa umefumba macho."

Si maziwa yaliyokuwa mabaya. Maji ndiyo yaliyoingia chumvi. Watoto wachanga waliharisha. Nguo zilikataa povu. Bi Razan, jirani yao na mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa mtaa, alikwenda ofisi ya maji mara nyingi. Kila mara alirudi na neno moja: subirini.

"Mai haya yameshinda bahari kwa chumvi," Bi Razan alisema siku moja. "Kusubiri kumetosha. Twende kwa miguu yetu, sote, watuone."

Wakaenda. Wanawake wa mtaa walijaa ndiani, kila mmoja na mtungi mtupu wa plastiki na kijiko. Waligonga, wakaimba. Hadil alikuwa mbele, Bi Nadra nyuma yake.

Walipofika pale ndia inapobanwa na kuta za mawe, waliona polisi mbele yao. Helmeti, ngao, virungu. Mkubwa wao alikuwa Inspekta Murithi, mkuu mpya wa kituo, aliyehamishwa juzi tu kutoka bara. Aliinua kipaza sauti, akasema jambo. Wanawake walisikia ngurumo tu. Walipogeuka warudi, wakaona polisi wengine nyuma.

Kisha wale wa mbele wakaja mbio.

Wanawake wakafanya kile walichofunzwa tangu utotoni. Waliingia madakani. Daka ni kile kibaraza cha mawe kilicho mlangoni mwa nyumba zetu, chenye nafasi ya kukaa huku na huku. Waliingia humo, wakageukia ukuta, wakavuta buibui juu ya nyuso zao.

Wakapigwa humo humo. Hadil alivutwa, akaanguka kwenye ngazi, mkono ukavunjika. "Mama! Mama, mkono wangu!" alilia. Kuta zikaurudisha mlio ule mara mbili, mara tatu.

Basi sasa fikiri nami. Ndia ile ile hupitisha maelfu siku ya Maulidi, wala hakuna anayechubuka. Siku ile walikuwa wanawake wachache tu wa mtaa mmoja, wakaumia. Kwa nini?

Hadil alifungwa plasta. Maji yakabaki na chumvi. Plasta ilipotolewa, alimwambia mama yake, "Bi Razan anataka twende tena. Mimi ndiye nitakayesoma malalamiko yetu."

"Wewe hutoki," Bi Nadra alisema.

"Mama!"

"Nimezaa mmoja. Sina wa akiba."

Hapo ndipo alipokuja Daktari Nerea. Si daktari wa sindano. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya polepole. Bi Razan ndiye aliyemleta barazani kwa Bi Nadra.

"Chuo chetu kimekubaliana na polisi," Nerea alieleza. "Tunachunguza maandamano. Tunataka kujua watu huumia wapi, kwa nini, na nini kifanywe ili wasiumie."

"Kwa hiyo chuo kimeposwa na polisi," Bi Nadra alisema. "Harusi lini?"

Bi Razan alicheka. Nerea naye akacheka.

"Harusi haipo, Bi Nadra. Mimi si wa polisi, wala si wa kwenu. Kazi yangu ni kuuliza, kupima, kisha kuwaambia pande zote mbili nilichokiona. Hata kama hawatakipenda. Tumeandikiana hivyo kabla sijaanza."

"Na nikisema, jina langu litafika kituoni?"

"Halitafika. Ukikataa kusema pia ni haki yako. Ukianza ukachoka, utaacha."

"Na mkono wa mwanangu? Ndio utakuwa umeishia kwenye vitabu vyako?"

"Hapana," Nerea alisema. "Utafiti haufuti kosa. Kiko chombo huru kinachopokea malalamiko dhidi ya polisi. Aliyeumizwa ana haki ya kupeleka lake huko. Nitawaonyesha ndia."

Bi Nadra alimtazama. "Umeshajua kusema ndia?"

"Nimefunzwa na Bi Razan. Anatoza faini nikikosea."

Hadil alipeleka malalamiko yake wiki ile ile. Kisha Nerea akaomba jambo la ajabu. Aliomba polisi na wanawake warudi pale pale ndiani, asubuhi, bila mtu kulazimishwa. Wabadilishane nafasi. Polisi wasimame walipokuwa wanawake, na wanawake wasimame walipokuwa polisi.

Siku ilipofika, madirisha ya juu yalijaa watu. Koplo Bramwel, pande la mtu kutoka magharibi ya nchi, aliambiwa aingie dakani. Hakuenea.

"Vuta tumbo, Bwana Bramwel!" Bi Razan alimwita.

"Nimevuta, mama! Hili ndilo lililobaki!"

Watu walicheka, hata askari wenyewe. Kisha Nerea akampa Hadil kipaza sauti, akamwonyesha neno la kusema. Hadil akalisema kwa nguvu. Kuta zikalichukua, zikalirusha huku na huku, likavunjika vipande.

"Amesema nini?" Nerea aliwauliza polisi.

"Amesema simameni," alijibu mmoja.

"Amesema kimbieni," alisema mwingine.

"Nimesema tawanyikeni," Hadil alisema.

Bramwel alitazama mbele, akatazama nyuma. Kote kulikuwa na wanawake wenye ngao. "Tutawanyike kwenda wapi?" aliuliza. Mara akatambua kuwa hilo ndilo lililokuwa swali la wanawake siku ile.

Bi Nadra naye alivishwa helmeti. Ilikuwa nzito, na ilinuka jasho la mtu mwingine. Mara mji wote ukatoweka. Hakusikia watoto, hakusikia punda, hakusikia watu wa madirishani. Alisikia pumzi zake tu, kama mtu aliyezama. Aliona kipande kidogo cha mbele. Kushoto na kulia hakukuwa na kitu. Aliivua haraka.

"Subhanallah," alisema taratibu. "Mtu akiwa humu yuko peke yake duniani."

Nerea akamgeukia Bramwel. "Siku ile ulipotazama mbele, uliona nini?"

Bramwel alijikuna shingo. "Tuliwaona wameingia pembeni, huku na huku. Wakafunika nyuso. Sisi tulifunzwa kwamba anayeficha uso ana jambo. Tukajua tumewekewa mtego."

"Mtego!" Bi Razan alipiga makofi mara moja. "Ya Rabbi! Mtego gani? Tulikuwa tunawapisha!"

"Mlikuwa mnatupisha?" Bramwel aliuliza.

"Mwanamke wa Amu akiona wanaume wanakuja mbio ndiani, huingia dakani, hugeuza uso, huwapa ndia. Ni adabu! Mama yangu alinifunza, na mama yake alimfunza. Tuliwapa heshima, nanyi mkatupa virungu."

Hakuna aliyecheka tena. Askari walitazamana. Bramwel, ambaye bado alikuwa amebanwa dakani, alijitazama alipo kama mtu aliyeamkia nyumba asiyoijua. Watu wa Mkomani nao waliduwaa. Kumbe jambo lililo wazi kwao kama jua, mgeni huliona kuwa tishio! Na hakuna aliyewahi kuuliza, wala aliyewahi kueleza.

Inspekta Murithi alikuwa amesimama kando muda wote. Bi Nadra alimwendea.

"Bwana Murithi, nami nina swali langu. Siku ile, ulimsikia mwanangu akilia?"

"Ndani ya helmeti, mama, hatusikii," Bramwel alijibu upesi. "Si umeivaa mwenyewe?"

"Sikukuuliza wewe, mwanangu."

Murithi alitazama mawe ya chini. Bi Nadra alingoja, kisha akarudi kwa binti yake.

Baada ya siku ile vikao vilikuwa vingi. Nerea aliwasomea wote mambo aliyoyapata, bila kuwapaka mafuta. Polisi walifunga ndia mbele na nyuma. Amri haikusikika. Wengi wa askari hawakuujua mji. Nao wanawake hawakumwambia mtu yeyote siku wala ndia watakayopita.

"Tungewaambiaje?" Bi Razan aliuliza. "Mngetunyima ruhusa."

Hapo Murithi alisema. "Sheria haisemi mniombe ruhusa, Bi Razan. Kuandamana kwa amani, bila silaha, ni haki iliyo katika katiba. Mnachotakiwa ni kunipa taarifa ya maandishi. Iwe siku tatu kabla au zaidi, zisizidi kumi na nne. Mseme nani anaandaa, saa ngapi, mahali gani na ndia gani. Kazi yangu ni kuilinda ndia hiyo."

"Kuilinda, si kuifunga?"

"Kuilinda."

"Siku ya zefe ya Maulidi mnafanyaje?" Nerea aliwauliza wanawake. Zefe ni msafara wa sherehe.

"Hatuna kipaza sauti ndiani," Hadil alijibu. "Neno hutoka mbele, hupita mdomo kwa mdomo hadi nyuma. Na kila mtu anajua wapi pa kutokea."

Wakakubaliana kufanya vivyo hivyo. Bramwel angetembea mbele na Bi Razan, bila helmeti, ili watu wawe na askari wa kuzungumza naye. Vichochoro vya kando vingebaki wazi. Askari wachache bila helmeti wangesimama pembeni, na wenye helmeti wangekaa mbali, waje tu kukiwa na hatari ya kweli. Na kila askari mgeni angetembezwa mtaani na wenyeji kabla ya kupewa zamu, aelezwe daka ni nini.

Maneno ni mepesi. Usiku wa kuamkia maandamano ya pili Bi Nadra hakulala vizuri. Asubuhi alimkuta Hadil amekwisha kuvaa.

"Watakugusa?" alimuuliza, kana kwamba binti yake angejua.

"Sijui, Mama. Lakini nikikaa ndani leo, nitakaa ndani siku zote."

Bi Nadra alichukua mtungi wake na kijiko. "Basi nitakuwa nyuma yako. Atakayekufikia atapita juu yangu kwanza."

Wakatoka. Vijiko viligonga mitungi, ndia ikavuma kama ngoma. Walipokaribia pale pembamba, Bi Nadra alimsogelea binti yake. Alishika buibui ya Hadil kwa nyuma, kama Hadil alivyomshika yeye alipokuwa mtoto.

Mara neno likaja kutoka mbele. Halikuwa ngurumo. Lilikuja kwa sauti ya Bi Razan, likapokewa na mwingine, na mwingine. "Punda mwenye mchanga anakuja. Pisheni kushoto na kulia."

Wanawake wakaingia madakani. Na Bi Nadra akaona jambo ambalo hakuwahi kufikiri kuliona duniani. Askari waliokuwa pembeni nao waliingia madakani. Koplo Bramwel alivuta tumbo, akageukia ukuta, akapisha. Punda akapita katikati ya polisi na wanawake, masikio yakitikisika, bila haraka, kama waziri anayekagua gwaride.

"Allahu Akbar," Bi Nadra alinong'ona, machozi yakimtoka.

Walifika ofisi ya maji wakiwa wazima. Hadil alisoma malalamiko hadi mwisho. Meneja alitoka. Bi Razan alimpa kikombe cha chai ya mtaa. Alikitazama, akaona watu wote wanamtazama, akanywa. Uso ulimkunjamana. Haukupita mwezi mafundi waliletwa, wakafukua bomba bovu lililokuwa likivuta maji ya chumvi, wakalibadilisha. Maji matamu yakarudi Mkomani.

Siku chache baadaye Inspekta Murithi alikuja mlangoni kwa Bi Nadra. Alikuja peke yake, kofia mkononi. Alipiga hodi, akakaribishwa dakani. Bi Nadra alikuwa anashona. Hadil alisimama ndani, nyuma ya mlango.

"Bi Nadra," Murithi alisema, "uliniuliza jambo mbele ya watu."

"Ningali nangoja, mwanangu."

"Nimeshakwenda kulisema kule mlikopeleka malalamiko. Watakavyoamua, nitapokea. Lakini hukuwauliza wao. Uliniuliza mimi."

Bi Nadra aliweka sindano chini.

"Siku ile sikuwa nimevaa helmeti," Murithi alisema. "Niliivua ili niseme kwenye kipaza sauti. Alikuita 'Mama'. Nilimsikia."